Zamu ya Mwanga Penye Falaji

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumamosi, maana zama hizo wiki ya skuli Omani ilianza Jumamosi, nami nilikwenda nimevaa viatu vipya vilivyonibana vidole mpaka machozi. Ilikuwa Ibra, mwanzo wa miaka ya tisini. Mkono mmoja nilishika mfuko wa brashi, mkono wa pili sanduku la slaidi nililotoka nalo Cairo. Slaidi, kwa nyinyi wa siku hizi msiozijua, ni vipande vidogo vya filamu. Ukivitia kwenye mashine yenye taa, picha inajitandaza ukutani kubwa kama mlango. Nilizibeba kama mtu abebavyo mayai.

Mkuu wa skuli ya wasichana, ambaye huku sote tunamwita Mudira, alikuwa mama wa makamo aliyesoma Unguja kabla ya mambo ya sitini na nne. Mimi nilizaliwa Unguja nikakulia Cairo, na huko ndiko nilikosomea ualimu wa sanaa. Basi tulimaliza salamu za Kiarabu mbele ya watu, na mlango ulipofungwa tukahamia Kiswahili chetu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa sanaa? Haya, karibu. Sanaa hapa ni kupamba ukumbi Siku ya Taifa ikikaribia, na ubao wa matangazo usikae mtupu. Ukiyaweza hayo mawili, tutapendana."

"Na kuchora je, Bibi?"

"Wachore, nani kawakataza? Kadi zipo kabatini."

Kadi! Nilizikuta darasani. Zilikuwa kadi za posta, sijui nani alizileta, zenye milima ya theluji na nyumba za paa jekundu zinazotoa moshi. Wasichana walikuwa wakizinakili mwaka hata mwaka, na mikono yao, mashaallah, ilikuwa mizuri. Nikamwinamia mmoja nikamwuliza, "Nyumba hii iko wapi?" Akanijibu kwa adabu, "Ndani ya kadi, Abla." Abla ndilo jina la kila mwalimu wa kike huku. Nikafungua dirisha. Nje kulikuwa na nyumba za udongo zenye mapaa bapa, mitende, na vilima vilivyokuwa vikibadilika rangi saa ile ile tukivitazama. Hakuna aliyekuwa amevichora hata siku moja.

Siku hiyo hiyo nikatundika shuka jeupe, nikawasha mashine, nikaanza kuwahadithia khabari za wachoraji wa Kifaransa. Hadithi hiyo nimeisimulia karibu miaka ishirini na kila nikiisimulia damu hunichemka, kwa hivyo mnistahamilie, nitaisimulia tena.

Paris ya wakati ule, katikati ya karne ya kumi na tisa, ilikuwa na maonyesho makubwa ya serikali. Mchoraji asiyetundikwa mle hakuwa mchoraji; hanunuliwi, hasemwi, hatambulikani. Waliochagua ni wazee waliokaa mezani, nao walipenda picha za vita vya kale na miungu ya Kigiriki, zilizochorwa ndani ya chumba kwa rangi za kahawia na kulainishwa mpaka usione alama ya brashi. Wakatokea vijana wachache waliojuana wakijifunza kwa mwalimu mmoja. Wakasema, mbona nje hakufanani na hivi? Nje kuna upepo, kuna jua, majani yanametameta, na watu wanapita! Wakachukua turubai zao, yaani kitambaa kilichokazwa kwenye fremu, wakaenda msituni na mtoni kuchora pale pale kitu kilipo.

"Kwani zamani hawakutoka?" aliniuliza msichana wa mbele.

"Walitoka wakachukua michoro ya penseli, wakarudi nyumbani kupaka rangi. Rangi za mafuta zilikuwa shida kubeba. Zilitiwa ndani ya kibofu cha nguruwe, ukakitoboa kwa sindano—"

"Audhubillahi!" Darasa zima likaziba pua, na mmoja akatupa brashi yake.

"Tulieni! Hizi zenu ni za chupa, na za kuchanganya kwa maji. Ndipo mtu mmoja akabuni mrija wa bati, mwembamba, wenye kifuniko, kama wa dawa ya meno. Rangi ikawa inatiwa mfukoni. Na reli nayo ikafika mashambani. Basi unapanda treni asubuhi na rangi mfukoni, jioni unarudi na picha!"

Nikawaambia jinsi mmoja wao alivyoanza picha kubwa kuliko kimo chake, na kwa kuwa alitaka kuichora yote nje bila ya kupanda ngazi, akachimba handaki bustanini akawa anaishusha turubai ndani. Nikawaambia jinsi wazee wa maonyesho walivyowakataa wengi mwaka mmoja, kelele zikawa nyingi mpaka mfalme wao akatoa amri waliokataliwa nao wapewe ukumbi wao. Watu wakaenda kwa wingi, wakaenda kucheka! Kulikuwa na picha moja iliyowaudhi zaidi, na hiyo slaidi yake sikuitia mashinani hata siku moja katika maisha yangu ya kazi, wala msiniulize yule bibi wa pichani nguo zake aliziacha wapi. Baada ya miaka wale vijana wakachoka kuomba. Wakaunda chama chao, wakakodi vyumba alivyokuwa akifanyia kazi mpiga picha, wakatundika wenyewe bila ya kumwomba mtu. Mwandishi mmoja wa gazeti akaona picha ya bandari alfajiri, iliyochorwa kwa haraka, ukungu mtupu na jua jekundu, akaandika kuwa huo si uchoraji, ni taathira tu, kile jicho linachopata kwa mtupo mmoja. Alikusudia kuwatukana. Wao wakalichukua tusi wakalifanya jina, na mpaka leo ni wachoraji wa taathira.

Nilipomaliza, wasichana walikuwa wamesimama. Yule wa kadi akasema, "Abla, na sisi twende nje!"

Hapo ndipo lilipoanza jambo lililonikimbiza karibu miaka yote ya kazi yangu: rukhsa ya kuwatoa wasichana nje. Mchoraji wa taathira asiyetoka nje ni mvuvi asiyeona maji. Nilimwendea Mudira mbio.

"Nje wapi?" akaniuliza.

"Kwenye mitende tu, Bibi, hapo nyuma."

"Na baba zao nitawaambia nini? Wao wamewaleta ndani." Akavuta pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Haraka haraka haina baraka. Uwanja wa skuli ni wako. Lakini geti lisifunguliwe."

Tukauchukua uwanja. Tulichora tangi la maji, tukachora ukuta, na zaidi tulichora mkunazi uliokuwa katikati, asubuhi na adhuhuri, mpaka wasichana wakaujua kuliko jamaa zao. Mudira alipoona picha zimepangwa sakafuni, akazizunguka mara mbili. "Mti ni mmoja," akasema, "mbona umekuwa kumi?" Nilimbusu mkono kwa furaha. Kadi za theluji zikarudi kabatini na hazikutoka tena.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa Sur. Pale mwanga si wa Ibra. Bahari iko pande mbili, kuta ni nyeupe, na mchana mtu hutembea amekunja uso. Mudira wa Sur alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, mwanamke mkali wa hesabu, na alinijia darasani na picha ya mwanafunzi mkononi.

"Abla Salha, mtoto huyu anaumwa macho? Kivuli kakipaka buluu."

"Kivuli ni buluu, Mudira."

"Kivuli ni cheusi. Kila mtu anajua."

Hapa nataka walimu vijana wanisikilize, maana hili ni la ufundi. Usibishane na mtu kwa maneno juu ya rangi. Wale Wafaransa walijifunza kwa kutazama kwamba kivuli hakikosi rangi. Kinachukua rangi ya mbingu iliyo juu yake, na penye jua la manjano kivuli huelekea kwenye zambarau, kwa kuwa rangi mbili zinazokabiliana huitana. Huwezi kumweleza mtu hayo akakuamini. Nilikunja karatasi ikawa bomba, nikampa, nikampeleka uwanjani nikamwambia afumbe jicho moja na kutazama kwa bomba kile kivuli kwenye ukuta mweupe, kivuli peke yake, bila ya kuona ukuta wote.

Alitazama kwa kitambo. Kisha akasema taratibu, "Lahaula wala kuwwata." Akatazama tena. Siku ile alikwenda ofisi zote na lile bomba, akiwalazimisha makarani watazame vivuli vya madirisha. Akanipa rukhsa ya kutumia dari la skuli, lile paa la juu lenye ukuta wa kujistiri, na tukachora mji wote kutoka huko. Lakini chini, mtaani, hapana. Nilikuwa nimetoka uwanjani nikapanda darini, na bado nilikuwa ndani.

Mwisho wa miaka ya tisini nikapelekwa Nizwa. Huko nilikuwa nimeshakomaa na ulimi wangu umeshanolewa. Nikaomba kusimama mbele ya baraza la wazazi, na nikawaambia kisa kimoja nilichokuwa nimekiweka akiba. Katika wale Wafaransa kulikuwa na mwanamke, fundi hasa, aliyetundika pamoja nao tangu mwanzo. Alipokuwa msichana hakuachiwa kwenda jumba la picha peke yake kujifunza. Mama yake alifuatana naye akakaa naye huku binti akichora.

"Basi hata Ufaransa?" akauliza bwana mmoja.

"Hata Ufaransa, Bwana."

Wakatazamana. Wa kwanza kusema alikuwa Bwana Nasser, mwenye mashamba ya mitende na mtu wa maneno yenye uzito katika baraza. Alisema kama mama zao watafuatana nao, yeye haoni ubaya. Mama wa kwanza kujitokeza alikuwa mama yake Rayya, msichana wangu hodari kuliko wote. Mama huyu alizaliwa Tabora na alikuwa na mambo ya bara, hana woga. "Abla, mimi laiseni ninayo na gari ni kubwa," akaniambia. "Wikendi nawapakia wote, usiwe na wasiwasi!"

Rukhsa ikatoka: kila Alkhamisi, siku ya mapumziko, kwenye ukingo wa falaji. Falaji ni mfereji wa maji yanayotoka chini ya mlima yakapita mashambani, na maji hayo ni mali. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Ingawa kila mtu ana saa mkononi, pale bado walisimamisha mti mkavu kando ya falaji na kupanga mawe chini yake. Kivuli cha mti kikifika jiwe hili, zamu ya fulani imekwisha, mtu anaziba mkondo mmoja kwa jiwe lililofungwa matambara, anazibua wa pili, na maji yanahamia shamba jengine. Msimamizi wa yote ni wakili wa falaji, mzee mkavu asiyecheka ovyo. Alitupa sharti moja: brashi zisioshwe ndani ya falaji, watu wanatawadha humo. Tukaenda na maji yetu ya chupa.

Ewe Mola, siku ya kwanza ile! Sijui niwaeleze vipi. Wasichana walikaa chini ya mitende, mama zao nyuma na thermosi za chai, na maji yanapita yakiwa na mbingu ndani yake. Nikawapa kanuni ya Wafaransa: saa moja, karatasi moja. Mwanga ukibadilika, acha hiyo, chukua nyengine, maana uliyoianza imeshaondoka. Nililia kidogo nikasingizia vumbi.

Sasa akaja Mkaguzi wa Sanaa kutoka idara ya elimu. Alikuwa bibi mwenye miwani, mjuzi wa kuchora gudulia la maji mpaka ukataka kulishika, na hakuwa mtu mbaya. Alizitazama kazi zetu moja moja, akaziweka chini.

"Hizi hazikumalizika," akasema. "Jani liko wapi? Jiwe liko wapi? Naona matone tu."

"Ustadha, hivyo ndivyo jicho linavyoona maji yakipita."

"Abla Salha, mimi naulizwa huko juu wasichana wanafanya nini nje. Nikionyesha kazi iliyokamilika, nitawatetea. Nikionyesha hizi, watasema wanapoteza wakati barabarani. Mwisho wa muhula kuna maonyesho ya skuli. Nitakuja. Nikiziona hazijamalizika, wasichana watarudi darasani."

Nilikwenda nyumbani sikula. Wazee wale wale wa Paris, nikasema, wamenifuata mpaka Nizwa! Nikawaambia wasichana wachore kwa uaminifu, mengine tumwachie Mungu.

Siku ya maonyesho asubuhi ilikuwa ya kina mama, na alasiri ya kina baba. Tulitundika ukumbi mzima. Picha ya Rayya tuliiweka mbele, na ilikuwa nzuri mno: pale falaji linapogawanyika, maji yanaingia mkondo wa shamba la Bwana Nasser, na kivuli cha ukuta kimelala juu ya mawe, cha zambarau, kirefu, na jua la dhahabu pembeni. Mkaguzi alikuwa amesimama karibu yangu amefunga mikono. Alasiri akaingia wakili wa falaji. Akasimama mbele ya picha hiyo, na hakusema ni nzuri.

"Nani alikuwapo pale alasiri?" akauliza.

Akanyoosha kidole kwenye ukuta uliochorwa.

"Kivuli hiki ni cha alasiri," akasema. "Asubuhi kinalala upande wa pili. Na maji haya yanaingia kwa Nasser. Alasiri maji si ya Nasser. Alasiri maji ni ya msikiti."

Ukumbi mzima ukamgeukia Bwana Nasser. Maskini, uso ulimwiva! Hakuna aliyesema hii ni picha tu. Kivuli wamekiona, maji wameyaona, kwao imeshakuwa ushahidi.

"Mimi?" akapaza sauti. "Mimi niibe maji ya msikiti? Mimi ninayetawadha nayo?"

Mudira wa Nizwa akanivuta shungi. "Salha, tumekwisha." Na kweli nilijua tumekwisha, kwa kuwa Bwana Nasser ndiye aliyetusemea barazani, na sasa tumemvunjia heshima mbele ya mji.

Rayya akaitwa. Alikuja na mama yake, akasimama wima.

"Maji niliyachora asubuhi, wakati wa zamu ya Bwana Nasser," akasema. "Mama alikuwa na shughuli jirani, tukarudi alasiri, nikaona kivuli kimegeuka. Nikakiingiza kwenye picha ile ile. Bwana Nasser hakuiba kitu. Mimi ndiye niliyechanganya saa mbili."

"Na kwa nini ukachanganya?" akauliza wakili.

"Kwa sababu alasiri ilikuwa nzuri zaidi."

Watu wawili watatu wakacheka. Bwana Nasser hakucheka.

"Maneno hayanisafishi," akasema. "Watu wameona kwa macho, na waone tena kwa macho. Alkhamisi ijayo achore tena mbele yetu sote, ndani ya zamu yangu, mwanzo mpaka mwisho wake. Ikiwa kivuli kiko mahala pake na maji mahala pake, jina langu litarudi. Kama hawezi, basi hawa watoto wasitoke tena, na mimi nitakuwa wa kwanza kupinga."

Wiki ile nilizeeka. Lakini nikisema nilikuwa na khofu tu nitadanganya. La! Nilikuwa na furaha ya kichaa pia. Mtu mzima anataka kusafishwa heshima yake kwa brashi ya msichana! Hayo hata Paris hayakutokea.

Alkhamisi wanaume walijaa ukingo mmoja wa falaji, kanzu nyeupe tupu, na kina mama ukingo wa pili. Mkaguzi alikuja na miwani yake. Wakili akatazama kivuli cha mti, kikagusa jiwe, akasema, "Bismillah, zamu ya Nasser." Jiwe la matambara likatolewa, maji yakaingia, na Rayya akaanza.

Hakuchukua penseli. Alipaka kwanza penye mwanga, mabaka mabaka, kisha vivuli.

"Anapaka matope," mzee mmoja akasema.

"Subiri," mwengine akamjibu.

"Ona, ona, kivuli kakitia zambarau!"

"Basi kitazame mwenyewe!" Nilimsikia mtu akisema, na nikaona mabwana wazima na vilemba vyao wanainama kutazama kivuli cha ukuta, wanarudi kwenye karatasi, wanainama tena. Nilimsogelea Rayya, nikamwambia kwa Kiswahili, "Usitazame watu, mwanangu. Tazama maji." Mkono wake ukaenda mbio: kijani, nyeupe, rangi ya chungwa kidogo, buluu, tone juu ya tone. Ukiwa karibu hukuona kitu. Nikawaambia wanaume warudi nyuma hatua chache, wakarudi.

"Wallahi yanakwenda," mmoja akasema. "Maji yanakwenda!"

Bwana Nasser mwenyewe alikuwa amesimama mikono nyuma. Kivuli kilikuwa upande wa asubuhi, kifupi, chenye buluu. Maji yalikuwa yake, halali yake, na kila mtu aliona. Kona moja ya juu Rayya alikuwa bado hajaigusa, mitende yake ilikuwa michirizi michache tu, na brashi ilikuwa imejaa rangi mkononi ndipo wakili alipoita, "Wakati!"

Mtu akaziba mkondo. Maji yakageukia msikiti. Rayya akanyoosha mkono aongeze tone moja.

"Wacha!" Bwana Nasser akapiga ukelele. "Wacha hapo hapo!"

Mkaguzi akasema kwa upole, "Lakini, Bwana, kona ile tupu. Picha bado haijamalizika."

"Imekwisha, Ustadha! Zamu yangu imekwisha, na picha hii ni ya zamu yangu. Mimi siongezewi maji, naye asiongezewe rangi. Akitia hata tone moja sasa, atakuwa anachora maji ya msikiti, nami nitarudi kuitwa mwizi!"

Watu waliangua kicheko mpaka ndege wakaruka mitendeni. Mimi nilipiga kigelegele, Mungu anisamehe, mbele ya wanaume wote wale. Maneno hayo nilikuwa nayatafuta tangu Ibra! Picha ya namna hii inakwisha saa yake inapokwisha, basi.

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaitazama picha kwa muda mrefu kutoka mbali walipokuwa wamesimama wanaume. Akaniambia, "Hii nitaichukua niwaonyeshe huko juu." Nikamwuliza na ile kona je. "Kona ni ya msikiti," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza. Bwana Nasser akampa Rayya mkungu wa tende.

Lakini aliyefanya jambo kubwa ni wakili wa falaji. Alisema mambo ya watu kutoka kwa rukhsa ya huyu na kuzuiwa na yule hayafai ukingoni mwake; pale kila kitu kina zamu. Akapiga fimbo chini penye mawe mawili. Kila Alkhamisi, kivuli cha mti kikiwa baina ya jiwe hili na hili, ukingo ule ni wa wasichana. Mbuzi wasipite, nguo zisifuliwe, mtu asiwasumbue. Akaiita zamu ya mwanga. "Na zamu lazima iwe na mwenyewe," akasema, "nijue wa kumlaumu. Itakuwa kwa jina la Abla Salha."

Tuliitumia zamu ile miaka yote iliyobaki. Mamudira walibadilika, wakaguzi wakabadilika, mmoja alitaka gudulia na mwengine akataka mabango, lakini Alkhamisi ilikuwa yetu kwa sababu wakili alisema. Wasichana wengi hawakuwa wachoraji. Rayya leo yuko maabara ya hospitali na huchora siku zake za mapumziko. Sioni hasara. Mtu aliyewahi kukaa saa nzima akatazama maji kwa bidii hawezi tena kuambiwa kivuli ni cheusi akakubali.

Ilipokaribia elfu mbili na kumi nikafika wakati wa kustaafu. Nyinyi mnaoanza kazi mtadhani kinachomuuma mstaafu ni kuacha mshahara au ofisi. Mimi kiliniuma kitu kimoja, na kiliniamsha usingizini. Zamu ilikuwa kwa jina langu. Nikiondoka mimi, litakuja jina gani? Mudira mpya alikuwa ameshasema kuwa mambo ya nje yatatazamwa upya.

Alkhamisi yangu ya mwisho nilikwenda na wasichana wangu kama kawaida. Nikamkuta wakili anatungoja, mzee sana sasa, ameshikwa mkono na mwanawe, na Bwana Nasser na watu wengine wa falaji wamesimama naye.

"Abla, tumesikia unastaafu," akasema. "Zamu isiyo na mwenyewe inarudi kwa falaji. Ndiyo ada yetu. Una mtoto wa kukurithi?"

Swali hilo nimeulizwa na wanawake mara nyingi maishani, na nimelizoea. Siku ile lilinichoma. "Sina," nikasema.

"Basi utamwachia nani?"

Nikawatazama wasichana. Walikuwa wameshakaa, wengine wananiangalia, wengine hawana khabari, wanachagua brashi.

"Naiweka wakfu," nikasema. "Kwa wasichana wa Nizwa, maadamu jua linatoka."

Wakili akageuka nyuma akasema kwa sauti, "Mashahidi!" Bwana Nasser akanyoosha mkono mwanzo, na wengine wakafuata.

"Wakfu hauuzwi," mzee akasema, "haurithiwi, wala hauvunjwi. Hata mimi sina amri nao tena. Si mudira, si mkaguzi, si yeyote."

Nililia mbele za watu, kwa sauti, wala sikusingizia kitu. Kivuli kikafika jiwe letu, na wasichana wakafungua rangi.